Ijumaa, Haikufunguka

Taa nne za ruta ya intaneti zilikuwa kijani, na hilo ndilo lililomkatisha tamaa. Alikuwa amepiga magoti chini ya meza ya mama yake, shavu nusura liguse sakafu, akizitazama zikipepesa kana kwamba dunia haina tatizo lolote. Laiti moja tu ingekuwa nyekundu! Angechomoa waya, angechomeka, angekunywa chai ya kuaga, na kufikia saa kumi angekuwa kitandani kwake amejifunika gubigubi. Lakini ruta ilikuwa nzima na waya ulikuwa mzima. Kitu pekee kilichochakaa mle chumbani kilikuwa ni yeye mwenyewe.

Tangu Jumatatu hadi mchana ule wa Jumamosi alikuwa amepokea simu za watu ambao kompyuta zao zimegoma. Alikuwa fundi katika kampuni ya bima, orofa ya chini kabisa, chumba kisicho na dirisha. Wenzake walimbatiza Zima-Washa, kwa kuwa hilo ndilo lilikuwa jibu lake la kwanza kwa kila aliyelalamika, kuanzia mfagizi hadi mkurugenzi. Jina likamganda. Hata saini yake kazini ikawa ZW, nayo aliiweka kila mahali pamoja na tarehe, maana sheria ya idara ilikuwa kali: usibadili kitu ndani ya mashine bila kuacha alama kwamba ni wewe uliyekibadili. Sasa hata siku yake ya kupumzika ilikuwa imeliwa, na aliyeila ni mama mzazi, ambaye huwezi kumwambia ajaze fomu asubiri zamu yake.

"Umezima ukawasha?" aliuliza kutoka uvunguni.

"Nilikuwa nazima na kuwasha mashine kabla hujazaliwa," mama akajibu. "Usinifanye kama hao wa ofisini kwenu."

Wala hakutia chumvi. Alikuwa mpiga chapa kwa miaka thelathini na mmoja katika ofisi ya mawakili, na hadi leo vidole vyake kumi viliijua kibodi kuliko vilivyojua kufunga vifungo. Alikuwa ameketi wima kama aliyeitwa kuandika barua kwa imla, daftari jembamba mapajani.

"Haya mama, niambie. Hakuna kinachofunguka?"

"Vinafunguka. Barua pepe zinafunguka, hali ya hewa inafunguka. Ni tovuti moja moja tu. Mimi ninayoitaka ni moja."

"Ukiifungua inasemaje?"

Mama alilamba kidole, akafunua daftari. "Jana, saa nne asubuhi: tovuti hii haipatikani. Ijumaa iliyopita, saa nne na robo: tovuti hii haipatikani. Ijumaa ya kabla yake umeme ulikatika, nikajaribu saa nane. Vilevile."

Zima-Washa alitoka chini ya meza ili ajionee. Kwa miaka kumi alikuwa akiwasihi watu waandike tatizo lilianza lini na skrini ilisema nini, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumsikiliza. Na kumbe daftari la ndoto zake lilikuwa hapa, limejaa kurasa kwa kurasa za vistari na vikunjo vya hatimkato, mwandiko wa haraka ambao mama aliusomea usichanani na ambao yeye hakupata kuujua.

"Tatizo limeanza lini?"

"Inakaribia miaka mitatu."

"Miaka mitatu, mama! Na huniambii?"

"Ulikuwa ukija umechoka." Mama alisema hivyo bila lawama yoyote, na ndiyo maana maneno yakamchoma. "Nikawa nasema, wacha apumzike, nitajaribu tena Ijumaa."

Zima-Washa alivuta kiti. "Ni tovuti gani hiyo?"

Mama aliinama mbele, akapiga herufi bila kuitazama kibodi, na jina la gazeti moja la kila siku likajitokeza juu ya skrini. Zima-Washa hakuwa na haja tena ya kupima chochote, kwa maana ugonjwa alikuwa ameujua, na aliyeuleta pia.

Kaka yake alikuwa dereva wa basi la masafa. Miaka mitatu iliyopita basi lilimshinda kwenye kona ya mteremko, likapinduka, wakafa abiria tisa pamoja naye. Gazeti lile liliweka picha, na chini ya picha wasomaji wakamwaga yaliyo moyoni. Mlevi. Muuaji. Afadhali naye kafa. Mtu ambaye hata dawa ya kikohozi aliinusa kwanza, isije ikawa na pombe, kabla ya kuinywa! Zima-Washa alisoma maoni matano, la sita likamshinda. Alhamisi jioni, baada ya mazishi, mama alipojinyoosha kitandani, aliiwasha kompyuta hii hii na kufanya kazi ya dakika mbili.

Ndani ya kila kompyuta mna faili dogo, mfano wa kile kijitabu cha namba ambacho watu walikiweka zamani kando ya simu. Mashine hukitazama hicho kwanza kabla ya kuuliza huko nje, na ukiandika mle anwani ya uongo, itaiamini pasipo maswali. Yeye aliandika kwamba gazeti lile, pamoja na mabaraza mawili ya mtandaoni yaliyokuwa na midomo michafu kama yale maoni, makazi yake ni humu humu ndani ya mashine. Kwa hiyo kila yalipotafutwa, kompyuta ilibisha hodi mlangoni pake yenyewe, na hakukuwa na mtu. Mama alipouliza, alimwambia mitambo ya gazeti imeharibika. Akaenda kwake akaifunga vivyo hivyo kompyuta yake mwenyewe, akapata usingizi kwa mara ya kwanza wiki ile. Kazi zikamzonga, miezi ikapita, akasahau kabisa kwamba aliwahi kufunga kitu.

Sasa alilifungua lile faili, mama kando yake. Mistari ilikuwa mitatu. Juu yake palikuwa na alama, ZW, na tarehe ya siku waliyozika. Sheria ya idara aliifuata hata siku ile.

"Umeona nini?" mama akauliza.

Alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka huushika uongo ulio karibu. "Naona wenyewe wameifunga tovuti yao. Magazeti mengi yamekufa siku hizi, mama."

"Kwa mwalimu, hapo jirani, inafunguka. Alinifungulia juzi, nikamwambia aifunge."

"Kwa nini?"

"Sikutaka kusoma mambo yangu kwa watu."

Zima-Washa alimgeukia. "Mama, nakuomba. Yale yamepita. Kuna maneno pale huwezi kuyasoma ukabaki mzima."

"Nimeyasoma."

"Umeyasoma lini?"

"Siku ya kwanza. Yote, mia mbili na ushei. Wewe ulikuwa hospitali unashughulikia mwili wa kaka yako."

Miaka mitatu Zima-Washa alikuwa ameridhika kwamba, angalau katika msiba ule, kuna kitu kimoja alichokifanya sawasawa. Alipokuwa hawezi kuja kumwona mama kwa wiki nne mfululizo, alijifariji kwa hicho. "Sasa kama uliyasoma, unatafuta nini tena?"

Mama alifunua daftari hadi ukurasa wa kwanza kabisa. Alisoma taratibu, kwa sauti ileile aliyokuwa akiwasomea mawakili barua zao kabla hawajatia saini.

"'Mimi ni mama wa dereva. Sikuja kubishana na mtu. Kama yupo abiria aliyekuwa karibu naye, naomba aniambie kama mwanangu alikaa muda mrefu pale chini, na kama alikuwa peke yake.'" Akatua. "Nilituma Jumatatu. Jumanne hakuna jibu. Jumatano hakuna. Alhamisi tulizika. Ijumaa, haikufunguka."

Nje mtu alikuwa akipanga ndoo, moja ndani ya nyingine. Zima-Washa alitamani awe mtu huyo, au awe ndoo. Uongo mwingine ulikuwa umeshakomaa kinywani mwake, wa kwamba angerekebisha kimyakimya na kusema ni virusi. Ungepita. Mama angemshukuru na kumfungia chakula cha kwenda nacho.

"Ni mimi, mama," alisema. Aliweka kidole kwenye skrini, juu ya zile herufi mbili. "Hii ni saini yangu. Nilifunga mimi."

Mama alisogeza uso karibu, akaitazama ile alama, akaitazama tarehe.

"Uliniambia mitambo yao imeharibika."

"Nilikudanganya."

"Mimi nikawa nawaombea," mama alisema. "Wale mafundi wao. Kila Ijumaa nikimaliza kuandika hapa, nawaombea kwa Mungu awape maarifa watengeneze."

Zima-Washa alilia. Alilia vibaya, kwa kelele, kama mtoto aliyenyang'anywa kitu. "Nilitaka kukukinga."

"Mimi nilikuwa nimeshalowa, mwanangu."

Mama alikuwa na hasira. Ilionekana katika namna alivyolifunga daftari na kulibana kwa mikono miwili. Hakumpapasa bintiye mgongo wala hakumwambia anyamaze. Naye Zima-Washa, katikati ya machozi, aliifikiria ile kompyuta ya nyumbani kwake, yenye mistari mitatu kama hii, na tarehe kama hii. Kule alikuwa akiishi peke yake. Hapakuwa na mama wa kukingwa.

Akajifuta uso kwa kiganja, akaufuta mstari wa kwanza. Akaufuta wa pili na wa tatu, kisha akaifuta na ile alama. Akahifadhi, akakifunga kivinjari, akakifungua upya. Ukurasa ulibaki mweupe. Hofu mpya ikampanda: je, kama wameyafuta maoni ya zamani? Kisha kichwa cha habari kikaja, na picha ikaanza kushuka, magurudumu yakiwa juu. Bila kufikiri aliweka kiganja chake mbele ya skrini.

"Toa mkono," mama alisema.

Akautoa. Wakateremka pamoja, maoni baada ya maoni. Safari hii Zima-Washa alisoma la sita, la kumi, la hamsini, na kila moja lilimkwaruza. Mama hakupepesa. Aliyapita kama mtu anayepita mtaa anaoujua, akitafuta nyumba moja.

"Hapo. Simama."

Maneno yalikuwa yale yale ya daftarini, nukta kwa nukta, hayana hata kosa moja la chapa. Chini yake mtu wa kwanza alikuwa ameandika: kamuulize huko aliko. Jibu la pili lilikuwa limekuja siku kumi na moja baadaye.

"Nisomee," mama alisema. "Miwani imeingia ukungu."

Zima-Washa akasoma. "'Mama, nilikuwa kiti cha pili nyuma yake. Hakuwa peke yake. Na mimi nilibanwa, nikawa nimemshika mkono. Alikuwa akiniuliza watu wangapi wametoka, nami nikawa namhesabia. Nilipofika kumi na nne hakuuliza tena. Haikuwa muda mrefu. Kuna neno alinipa nikufikishie, siwezi kuliandika hapa mbele ya watu hawa. Namba yangu hii, nipigie.'"

Chini ya hapo, mwaka mmoja baadaye, mtu yule yule: "Mama, sijui kama uliona. Namba ni ile ile."

Na chini zaidi, miezi minne tu iliyopita: "Bado ni ile ile."

Mama alishaitoa simu yake ndogo ya vitufe. Mikono iliyopiga chapa miaka thelathini na mmoja bila kukosea ilikosea namba mara mbili, na mara zote mbili Zima-Washa aliisoma upya, tarakimu moja moja, akingoja kitufe kilie kabla ya kutaja inayofuata. Wakaiweka simu mezani, sauti ikiwa wazi. Iliita mara tano.

"Haloo?" Ilikuwa sauti ya mwanamke, na nyuma yake bomba la maji likitiririka. "Haloo, nani mwenzangu?"

Mama akamtazama bintiye. Zima-Washa akaisogelea simu.

"Dada, samahani," alisema. "Napiga kwa niaba ya mama wa dereva. Yuko hapa, anakusikia. Jibu lako tumelisoma leo. Aliyemchelewesha ni mimi."

Upande wa pili maji yalifungwa. Kikasikika kiti kikivutwa, na mtu akiketi.