Nguzo ya Mahameli

Tangu Jumatatu Subana alikuwa roho juu. Kila aliposikia kitu kikikwaruza, hata kama ni jirani anafagia uani kwake, moyo ulimruka na sindano ikasimama hewani. Jina hilo alipewa kwa ajili ya ile kofia ya chuma ya kushonea, isiyotoka kidoleni mwake hata akila. Yeye na kaka yake walitengeneza makochi kwenye chumba cha mbele cha nyumba ya marehemu mama yao: kaka anaunda fremu, dada anazivisha.

Ndani ya nyumba hiyo alikuwemo Chongo, paka wa mama, mzee wa jicho moja. Jicho la pili aliliacha kwa mbwa wa mtaani zamani, na tangu siku hiyo hakutia tena mguu nje. Mama alipofariki, akahamishia usingizi wake kwenye kapu la vitambaa la Subana. Tatizo lilikuwa kucha zake. Mwezi uliopita alichana kiti cha mteja, ikabidi kishonwe upya, na Jumatatu kaka akakata kauli.

"Kochi la mama hakimu linachukuliwa Jumamosi," alisema bila hata kuacha randa. "Nikikuta mkwaruzo mmoja, mmoja tu dada'angu, huyu nakwenda kumtupa sokoni."

"Sokoni kwa mbwa wale, kaka?"

"Nimemaliza."

Akaangika gunia kwenye msumari nyuma ya mlango, waziwazi, asije mtu akasema hakuambiwa. Kaka yake hakuwa mtishia nyau, na safari hii nyau mwenyewe alikuwepo. Subana hakuweza kuliondolea macho lile gunia.

Jioni hiyo hiyo akaokota mguu wa meza kwenye mabaki, akaupigilia kwenye ubao mpana usipinduke, akauvisha. Fundi anayejiheshimu havishi kitu ovyo. Alichukua kipande kilichobaki cha kitambaa kizuri kuliko vyote, mahameli ya kijani, akakikaza mpaka kikakosa hata kunyanzi moja. Kochi la hakimu alilifunika mashuka mawili, akayabana chini kwa pini.

Nguzo akaiweka kando ya kapu, maana paka akiamka kitu cha kwanza ni kujinyoosha na kunoa kucha. Chongo akaipa kisogo. Subana akapiga magoti akaikwaruza kwa kucha zake mwenyewe, kwarru, kwarru, huku akichungulia mlangoni kaka asije akamkuta anajifanya paka. Akaipaka samaki mkavu. Siku ya pili Chongo akanusa. Siku ya tatu akapandisha miguu ya mbele, akavuta, nyuzi za kijani zikachomoka, na papo hapo akapewa kipande cha samaki.

"Ee baba! Hapo hapo! Hiyo ndiyo yako!"

Kufikia Ijumaa alikuwa akikwaruza kisha anageuza jicho lake kudai mshahara. Usiku huo Subana alilala fofofo.

Jumamosi, saa tatu na nusu asubuhi, akatoa pini na kuvuta mashuka. Mahameli ya kijani ikang'aa chumba kizima. Akatabasamu kwa kazi ya mikono yake, halafu tabasamu likamkauka. Akatazama kochi. Akatazama nguzo. Kitambaa ni kile kile. Wiki nzima alikuwa akimlisha paka samaki ili achane mahameli ya kijani.

"Chongo," akaita kwa sauti ndogo. Kapu lilikuwa tupu.

Kwarru.

Alimkuta upande wa pili, amesimama kwa miguu ya nyuma, kucha zimezama kwenye mkono wa kochi. Michirizi minne, mirefu kama kidole. Chongo hakukimbia. Alimgeuzia jicho, akisubiri samaki wake.

Na kaka alikuwa mlangoni.

"Kaka, hana kosa. Mimi ndiye niliyemfundisha. Kitambaa hiki..."

"Hakimu anakuja saa nne," kaka alisema. "Shona."

Chini ya nguzo, Chongo asikofika, mahameli ilikuwa bado nzima. Subana akaibandua yote, akakata kipande, akapiga magoti mbele ya kochi. Nyuma yake akasikia gunia likitolewa msumarini. Paka alilia mara moja, mlango wa chumba cha mama ukafungwa. Alitaka kukimbilia huko, lakini angeacha kazi wasingepata cha kula, yeye, kaka, wala paka. Akashona.

Alikuwa anakata uzi wa mwisho hakimu alipoingia na wapagazi wake. Mama huyo akalizunguka kochi polepole, akapitisha kidole kwenye ule mkono ulioshonwa.

"Huu mshono wa nini?"

"Tumeongeza nguvu, mama. Mkono ndio unaowahi kuchakaa."

Nyuma, chumbani, nyundo ikagonga. Mara moja. Mara ya pili. Subana akageukia mlango wa chumba cha mama.

"Kuna nini huko?"

"Kaka yangu... yupo kazini."

Nyundo ikagonga tena, kisha kimya. Hakimu akaridhika, wapagazi wakabeba, lori likaondoka. Subana akabaki mbele ya mlango wa chumba cha mama na mkono kwenye kitasa, akiogopa kukizungusha. Akakizungusha.

Kaka alikuwa ameketi sakafuni, mikono imechanwachanwa, midomo imebana misumari. Gunia alikuwa amelikata vipande, na ule mguu wa meza ulikuwa umelivaa kuanzia juu hadi chini, limekazwa vizuri. Chongo alikuwa juu ya kitanda cha mama, akijilamba.

"Kochi la gunia hujawahi kushona," kaka alisema bila kuinua uso, "wala hutashona. Lete huyo samaki."

Subana akageuka mbio kufuata samaki, mpaka kile kikofia cha chuma kikachomoka kidoleni, kikabingirika chini ya kitanda.