Singa za Farasi wa Fiorenza

Siku Oreste alipopoteza chambo chake kwenye matawi yaliyoinamia mto Sesia, aliketi juu ya jiwe akalia kama mtoto. Hakuwa akililia ndoana. Ndoana zilijaa tele madukani kule Varallo. Alililia mkono wa mkewe Pierina, uliokifunga chambo kile kabla haujafa ganzi, kabla mwenyewe hajazikwa nyuma ya kanisa. Sasa vilibaki viwili tu.

Vilikuwa vidudu vya bandia, vidogo kuliko ukucha: uzi wa hariri, unyoya wa kware shingoni, na mwili uliozungushiwa unywele mmoja wa mkia wa farasi. Ukilowa, unywele ule hung'aa hata trauti, samaki wa mito ya baridi, akadhani ameona nzi mwenye uhai. Kwa miaka thelathini na nane Pierina alifunga, Oreste akavua. Jumamosi jioni alikuwa akiingia baa na samaki wake amewafunika majani mabichi, watu wakimpisha njia, na Gaudenzio mwenye baa akimmiminia divai kabla hajaagiza.

Baada ya machozi yale aliamua kujifunza kufunga mwenyewe. Alifungua kopo la bati la mkewe akakuta hariri na manyoya, lakini hakukuta hata singa moja ya mkia wa farasi. Akajaribu nailoni. Kile chambo kilimeremeta kama kifungo cha shati, na samaki wakakipita bila kugeuza shingo. Hapo akakumbuka kwamba juu mlimani, mjane Fiorenza bado alikuwa na farasi wa kukokota magogo, mweupe, mnene, mkia unagusa ardhi.

Alimkuta anafagia mlangoni.

"Shemeji!" Fiorenza alisema. "Miaka mitatu hujapandisha huku. Umekuja kuposa au umepotea?"

"Nimekuja kuomba singa za farasi wako. Ishirini zinanitosha."

"Na je, angekuwa jike?"

"Si mkia ni mkia tu?"

Fiorenza akaegemea fagio lake, akacheka. "Mvuvi mkubwa wa bonde hili! Jike hukojolea mkia wake, bwana we. Nywele zinaoza, samaki akivuta kidogo tu, chambo kinafumuka. Lazima dume. Pierina ndiye aliyenifundisha."

"Kwani alikuwa anakuja hapa?"

"Kila Jumanne."

"Jumanne alikuwa anakwenda kwa dada yake kusaidia kufua."

Mwanamke yule aliangua kicheko mpaka akaketi kizingitini. Kisha, alipoona uso wa Oreste, kicheko kikamwishia.

"Shemeji, nilidhani ulishajua. Mkeo alikuwa anavua. Pale kwenye kidimbwi chini ya daraja la mawe. Alikata ufito wake wa kuvulia mwenyewe, ukawa unakaa humu zizini. Kila chambo alikijaribu kwanza. Kilichokataliwa na samaki hakikufika mkononi mwako."

Oreste alivua kofia, akaivaa tena.

"Alikuwa anapata?"

"Wakubwa kuliko wako. Tulikuwa tunawakaanga hapa kwa siagi, tunakula na ugali wa polenta, mifupa tunampa paka."

"Mbona hakuniambia?"

"Angekwambia ungefanyaje?"

Oreste alifikiri kwa uaminifu. "Ningenuna."

"Ndivyo alivyosema. Alisema, 'Oreste anapenda kurudi nyumbani ameshinda. Mwache ashinde.'"

Maneno hayo yalimchoma na kumpasha moto, na hakujua lipi lilitangulia. Alikwenda kusimama nyuma ya farasi ili macho yake yasionekane. Akawa anachomoa singa mojamoja, na yule mnyama akamchapa shavuni kwa mkia uliobaki.

"Hata yeye anakucheka," Fiorenza alisema, akamwita ndani.

Alasiri nzima walikaa mezani. Kidole cha shahada cha Oreste kilikatwa nusu na msumeno zamani kwenye kiwanda cha mbao, hivyo unywele ulimteleza kila alipouzungusha. Fiorenza, aliyemtazama Pierina akifunga miaka mingi, alimwelekeza: lowesha kwanza, zungusha taratibu, usiache nafasi. Cha kwanza kilifanana na panya aliyetumbukia kisimani. Cha tano kilikuwa na sura ya nzi, nzi mlevi, lakini nzi.

Jumanne iliyofuata alikwenda mpaka daraja la mawe. Hakuwahi kuvua pale. Aliliona ni dimbwi la wanawake wafuaji. Aliposimama penye kokoto na kuinua macho, aliona paa la kile kiwanda alichofanyia kazi maisha yake yote, jekundu, juu ya miti. Basi hapa Pierina alikuwa akiusikia msumeno. Ulipokuwa ukinyamaza saa kumi na moja, alijua mumewe anafunga koti, akarudisha ufito zizini na kuteremka kwa njia ya mkato. Oreste alikumbuka jioni zile alizomkuta jikoni, mashavu mekundu, ncha za sketi zimelowa, akimwuliza, "Kazi imeendaje?" Naye alikuwa akilalamika saa nzima kuhusu msimamizi, asimwulize lolote.

Alirusha chambo. Mara ya sita maji yakapasuka. Trauti alivuta kwa nguvu kuelekea mawe, unywele haukufumuka, Oreste akateleza na kuzama mpaka kiunoni akiwa bado ameushika ufito. Alimtoa. Alikuwa mnono, ubavu umejaa madoa mekundu.

Jioni Gaudenzio alimwona ameingia baa ametota, akachukua chupa.

"Wangapi leo?"

"Mmoja. Nimempelekea Fiorenza." Oreste akavuta kiti. "Keti, Gaudenzio. Nyie wote, sogeeni. Kwa miaka yote hiyo mvuvi nyumbani kwangu hakuwa mimi."

Akaanza kuwasimulia habari za zile Jumanne za Pierina.