Sauti za Kuazima

Idara ya muziki ilikuwa imebaki na wanafunzi saba tu, na Asnath, mmoja wao, ndiye aliyekuwa anawaongoza kuimba. Zamani, enzi za mapadri, pale palikuwa na shule ya kuwafundisha makatekista kusoma noti. Baadaye ikawa chuo cha muziki kamili, watu wanapanda mpaka kutoka Muze, kule bondeni, kuja kusoma. Kisha chuo kikuu kikakimeza. Chuo kikawa tawi, tawi likawa idara, idara ikasukumiwa kwenye jengo moja nyuma ya mabweni. Kila kikibadilishwa jina ilifanyika sherehe kubwa, na baada ya sherehe walimu wanapungua.

Sasa wageni wa makao makuu walikuwa wanakuja kuangalia kama idara ife au iishi. Ikifa, Asnath anahamishiwa kusomea ualimu wa jiografia, au anarudi kwao Kasense kupalilia mahindi. Na alikuwa amebakiza mwaka mmoja, yaani mmoja tu!

Mkuu wa idara, Mwalimu Leonsi, akasema hakuna shida, tuazime sauti. Huku Sumbawanga hilo ni jambo la kawaida kabisa. Kwaya ikipungukiwa besi siku ya tamasha, inaazima besi kwa jirani, wiki ijayo inalipa kwa soprano. Hakuna anayeona ni udanganyifu. Basi Asnath akaenda mtaa wa Chanji kwa Mama Rosina, muuza nyanya, sauti ya pili ambayo mji mzima unaijua. Mama Rosina akaja na kundi zima, tena na vitenge vya sare vya ziada, maana kwaya haisimami na nguo za aina mbili.

Waliimba wimbo wa Kifipa ambao Asnath mwenyewe aliupangia sauti. Besi zikaingia chini kule, ukumbi ukajaa, profesa aliyeongoza wageni akavua miwani akaifuta. Asnath akaona kabisa, tumepona.

Profesa akasimama anatabasamu, akamsogelea Mama Rosina, akamuuliza ni mwalimu gani hapa chuoni aliyemfundisha kuimba vile.

"Hapa? Hakuna, baba," Mama Rosina akajibu kwa furaha. "Sisi ni kwaya ya Chanji. Tumekuja kuwaazima sauti watoto hawa, si unawaona walivyo wachache."



Profesa akaomba wanafunzi wasimame pembeni. Wakasogea saba, wamepangana kama meno ya mzee. Akawaambia warudie wimbo. Besi alibaki Gabriel peke yake, na Gabriel alikuwa na mafua. Ubeti wa pili hawakuufikia.

Mwalimu Leonsi akaanza kueleza kwamba huku kuazimana ni kawaida, kwaya zote zinafanya, hakuna aliyeficha kitu. Alieleza vizuri tu, ila jasho lilikuwa linamtoka.

"Mwalimu," profesa akasema, wala hakuwa na hasira, "mimi nimekuja kukagua chuo. Sikuja kukagua ukarimu."

Wageni walipoondoka, Mama Rosina akamvuta Asnath mkono.

"Mwanangu, kwani tumeimba vibaya?"

"Hapana, mama. Mmeimba vizuri sana."

"Sasa mbona wamenuna?"

Asnath akamsaidia kukunja vitenge.

Barua haikuchelewa. Wanafunzi wote ualimu wa jiografia, kampasi ya mbali, na jengo linakuwa chumba cha kompyuta. Mafundi walikuja kupima madirisha wakati Asnath anafunga begi lake. Mmoja akagonga piano kubwa iliyokuwa kwenye kona, akamuuliza kama inapita mlangoni.

"Haipiti," Asnath akasema. "Iliingia kabla ukuta huo haujajengwa."

Fundi akautazama ukuta. Ulikuwa mpya, umepakwa rangi juzi juzi kwa ajili ya wageni. Akaitazama piano, halafu akamwita mwenzake alete shoka.