Mjerumani, Mrusi na Uso wa Mama Émérance

Kamera ilipofika Kasongo haikuwa na jicho.

Ilitoka Goma imefungwa ndani ya shuka, ikapokezanwa na wenye pikipiki kama mtoto mgonjwa. Naomie alipoifungua mbele ya watu, pale kwenye kibanda chake karibu na soko, wote waliona jambo lile lile: mwili mweusi unaong'aa, vidude vya kubonyeza, kioo cha nyuma, na mbele, mahali lenzi inapokaa, tundu tupu la kupitisha yai. Baba yake mdogo, Roger, mfanyabiashara wa Goma, aliona bei iko chini akafurahi akalipa. Hakujua kama siku hizi kamera huuzwa mwili peke yake na jicho peke yake, sawa na fundi akushonee shati leo, mikono akuuzie kesho.

Kwa miezi miwili Naomie alikuwa ameitangaza kamera hiyo soko zima. Sasa soko lilikuja kulipiza. Muuza sukari wa jirani alimuuliza kama ataifugia njiwa. Mwingine alitaka kujua picha zinatokea kwenye tundu hilo au zinaingilia humo. Naomie alicheka nao, maana mtu anayetania wenzake kutwa nzima hana haki ya kununa zamu yake ikifika. Lakini alikuwa na hofu moja.

Hofu hiyo ilikuwa na jina: mama Émérance. Mama Émérance alikuwa anamwoza binti yake Laetitia, na harusi yake ilisemwa Kasongo yote kabla hata gauni halijakatwa. Atakayepiga picha za harusi ile hatakosa kazi mwaka mzima. Atakayeikosa atarudi kuchaji simu za watu kwa paneli ya jua na kupiga picha za pasipoti kwa simu, mbele ya kitambaa chekundu kilichopauka. Upande mwingine alikuwepo Fabrice, mpiga picha mwenye kamera yenye pua ndefu kama ya nguruwe wa msitu, na miwani myeusi asiyoivua hata kanisani.

Mama Émérance hakutaka maneno. Alimwambia Naomie alete picha moja, ya uso wake yeye mama mwenyewe, iliyopigwa na kamera hiyo mpya, Jumapili baada ya misa. Ikimpendeza, harusi, Jumamosi itakayofuata, ni ya Naomie. Isipompendeza, ni ya Fabrice. Siku hiyo ilikuwa Jumanne.

Ndani ya boksi, chini kabisa, kulikuwa na pete ya chuma yenye nyuzi za kukazia kama za skrubu. Naomie alipanda hadi pale juu ambapo mtandao unashika ukiwa na bahati, akamwandikia muuzaji. Jibu lilikuja: pete hiyo inapokea macho ya kamera za zamani za kukaza kwa kuzungusha, zile ambazo mpiga picha hatazami kupitia jicho lenyewe, anatazama kwenye kidirisha cha pembeni. Ni za siku za babu zetu, akaandika, ziko bei nafuu.

Kwa muuzaji huko aliko, labda. Kasongo hakuna duka la vitu vya siku za babu zetu. Lakini shemeji yake Nathanaël, mume wa dada yake, dereva wa pikipiki, alikumbuka mzee Iliasi wa Kabambare, ambaye zamani alipiga picha nusu ya watu wa kule, na ambaye alikuwa na kamera mbili za namna hiyo. Nathanaël alisikia pia kwamba mzee hataki pesa, anataka paneli ya kuwashia redio yake. Basi Alhamisi alfajiri walitoka: Nathanaël mbele, Naomie nyuma, katikati yao paneli ya kibanda cha Naomie, na ubavuni kidumu cha mafuta ya mawese kwa heshima ya wenyeji.

Barabara ile tuiache. Anayeijua anaijua, na asiyeijua asiombe kuijua. Walilala Lusangi kwa ndugu wa Nathanaël, na hapo Naomie akafanya upumbavu wake. Watu walitaka kuiona kamera isiyo na jicho. Akaiwasha. Wakamwomba awapige hivyo hivyo, akawapiga, na kila mmoja akatokea ukungu mweupe. Walifurahi kupita kiasi. Baba mmoja alisema ukungu wake ni mnene kuliko wa mdogo wake. Betri ikaisha katikati ya kicheko, na chaja ilikuwa Kasongo, imelala mezani.

Kwa hiyo walipofika Kabambare Ijumaa asubuhi, Naomie alikuwa na mwili wa kamera, pete, paneli, na hana njia yoyote ya kujaribu jicho lolote.

Mzee Iliasi aliwapokea barazani kwa kanzu safi, akawaingiza sebuleni, akafungua sanduku. Ndani ya sanduku mlikuwa na kitambaa, ndani ya kitambaa mfuko wa ngozi, ndani ya mfuko kamera ndogo ya rangi ya fedha, imara, nzuri kama pete ya ndoa. Alimwita Mjerumani, kwa nchi alikotengenezwa. Alieleza mtu aliyemwachia, akaeleza machifu waliopita mbele yake, akaeleza tena mtu aliyemwachia. Bei yake ilikuwa paneli. Halafu akasema, kama mtu anayetaja ndugu aliyefungwa jela, kwamba iko pia Mrusi. Mrusi ana macho mawili badala ya moja, lakini ana sura ya kufuli, na kidirisha chake kimepasuka. Kwa Mrusi, kidumu cha mafuta kingetosha.

"Lakini mutu hakuje toka Kasongo juu ya Mrusi," akasema mzee.

Aliwapa Mjerumani watazame. Nathanaël alikuwa wa kwanza kuweka jicho kidirishani.

"Mzee, naona muko wawili."

"Zungusha ile pete ya mbele, polepole, mpaka nirudi mumoja. Bibi yangu hawezi kupikia wawili."

Naomie naye akatazama. Ndani ya kidirisha kile mzee Iliasi alikaa na kivuli chake pembeni. Alipozungusha, kivuli kilisogea, kikamgusa bega, kikaingia ndani yake, na mzee akawa mmoja, safi, hata uzi wa kofia unaonekana. Moyo wa Naomie ukaishia hapo. Mrusi alipoletwa toka jikoni, ananuka moshi, Naomie alichungulia kidirisha chake mara moja tu: njano, giza, ufa katikati kama mto umekata kijiji. Akamrudisha. Akaanza kufungua kamba za paneli.

Wakati huo waliitwa kula. Nathanaël alibaki na mzee. Naomie, kama mtoto wa kike aliyelelewa, alifuata jikoni kusaidia kubeba.

Mke wa mzee alikuwa amekaa karibu na moto anashona mkono wa kanzu. Alikuwa na sindano kwenye vidole viwili na uzi kwenye vingine viwili, na mbele ya sindano ameshika kitu cha chuma, duara, chenye kioo. Uzi ukapita mara ya kwanza. Naomie alisahau sahani. Aliomba akione kile kitu. Lilikuwa jicho la pili la Mrusi. Akalielekeza mlangoni kwenye mwanga, na kioo kilikuwa kama hakipo, cheupe kama maji ya kisima kipya.

Hapo ndipo alipojiuliza jambo alilopaswa kujiuliza tangu Kasongo. Kidirisha kile kizuri alichokipenda, ataondoka nacho? Pete ya Goma inapokea jicho, haipokei kidirisha. Alikuwa anachagua nyumba kwa uzuri wa dirisha la jirani.

Alirudi sebuleni akaomba ruhusa amfungue Mjerumani jicho, alipime kwenye pete. Liliingia vizuri. Akatoka nalo uani, kwenye jua, akalifumbua kabisa. Ndani ya kioo kulikuwa na kuvu: nyuzi nyeupe zimetambaa toka pembeni hadi katikati, kama buibui alifanya kazi humo miaka ishirini bila likizo.

Bibi alikuwa nyuma yake.

"Nilijua," akasema kwa sauti ndogo. "Yeye analala ndani ya ngozi, ndani ya kitambaa, ndani ya sanduku, kama mutoto wa sultani. Unyevu unamukula. Mrusi, mzee alimufukuza, mi nikamuweka kwenye utaga, juu ya moto, pamoja na mbegu ya mahindi. Moshi unamukausha."

Naomie alitazama juu. Kweli, kwenye utaga, uchaga mweusi wa juu ya jiko, kati ya mahindi yaliyofungwa maganda kwa maganda, palibaki nafasi ya mraba, ndogo, mahali Mrusi alikuwa amelala.

"Na mzee anajua?"

"Macho yake hayaone tena kitu kidogo vile. Miaka makumi ine niko naye, sijamuambia kama kipenzi chake ni kipofu. Sasa sikia, mwanangu. Ukimuambia weye, Mrusi hatoke kwenye jiko langu. Hata kwa mapipa matatu ya mafuta."

Basi hiyo ndiyo ilikuwa kazi. Sebuleni paneli imelala sakafuni tayari, mzee anaipapasa, Nathanaël anamweleza jinsi ya kuunga waya. Naomie aliketi. Maisha yake yote alikuwa ametumia ulimi kuwachoma watu. Hakuwahi kuutumia kama pamba. Alikula tonge mbili kwanza.

"Mzee, huyu Mjerumani siwezi kumuchukua."

Mzee alisimamisha mkono.

"Iko anaona kupita kipimo," akaendelea Naomie. "Mi ni mupiga picha wa harusi. Kule Kasongo kuko mama mumoja, ana cheo, ana miaka yake. Nikimupiga na hii, itatoa kila kitu, hata ile ndui ya utoto. Atanifukuza. Mi natafuta jicho la kupunguza. Nipe Mrusi."

Nathanaël alimtazama shemeji yake kama aliyeanguka na pikipiki. Halafu mzee Iliasi alicheka, cheko la polepole lililompanda toka kwenye mbavu, akapiga goti lake. Alisema alijua. Alisema mwaka fulani mke wa mkubwa mmoja alitupa picha mtoni kwa sababu hiyo hiyo. Akamrudisha Mjerumani ndani ya ngozi, ndani ya kitambaa, ndani ya sanduku, kwa upole, kama mtu anayemfunika mshindi. Mrusi alitolewa kwa kidumu cha mafuta, na mzee akaomba radhi mara tatu kwa ubovu wake. Jicho la pili lilibaki jikoni, kwenye sindano. Naomie hakulidai.

Njiani Nathanaël aliuliza mara moja tu kama kichwa chake ni kizima. Naomie akamwambia atazame mbele, huko ndiko shimo liko.

Jumapili baada ya misa mama Émérance aliketi uani kwake, kilemba kimepanda ghorofa mbili, Laetitia pembeni, na Fabrice pia, aliyekuwa anapita tu, kama alivyosema. Betri ilijaa. Jicho la Mrusi lilikaa kwenye pete, linanuka samaki wa moshi. Naomie alizungusha, akatazama kioo cha nyuma hadi nyusi zikahesabika, akapiga.

Picha ilikuwa safi kuliko zote alizowahi kupiga. Ilionyesha kila unywele. Ilionyesha mikunjo ya macho na njia zake ndogo ndogo, alama tatu za ndui, na ganda la haragwe lililobaki kwenye jino.

Mama Émérance aliishika kamera mbali kidogo na uso.

"Huyu koko muzee hivi ni nani?"

Laetitia alikohoa. Fabrice alivua miwani kwa mara ya kwanza mwaka huo, aone vizuri.

Naomie aliitazama picha ile. Uongo wote aliompa mzee Iliasi ulikuwa umekaa pale mkononi mwa mama Émérance, umegeuka kweli tupu. Akakumbuka baba wa Lusangi na ukungu wake mnene. Akaomba kamera, kwa heshima, akasema kwamba hiyo ya kwanza ilikuwa ya kupima tu. Alileta jicho mdomoni, akalipumulia pumzi moja ya moto, haaa, akahesabu moja, mbili, na ukungu ulipoanza kukimbia toka katikati, akapiga.

Mama Émérance alitazama. Mashavu laini, kilemba kina mwanga pembeni kama mishumaa ya Noeli, na alama za ndui zimekwenda safari. Akatazama muda mrefu, akampa Laetitia, akanyang'anya tena.

"Huyu sasa ninamujua," akasema. "Hiyo pumzi, Jumamosi usiisahau nyumbani."

"Na bibi harusi, mama? Naye nimupumulie?"

"Yeye ana miaka makumi mbili na mbili. Mwache aonekane."

Ndivyo Jumamosi ile Kasongo ilivyomwona Naomie akifanya kazi: wageni, wakwe, keki, kwaya, vyote alivipiga kawaida, lakini kila mama Émérance alipokaribia, mpiga picha alibusu kamera yake. Wazee wawili waliamini ni dawa. Na Fabrice, ambaye hakualikwa ila alikuja, alisimama nyuma ya miti ya mihogo akijifunza kwa makini. Tangu siku hiyo, kabla ya kupiga picha yoyote, hata ya mbuzi, anavua miwani, anashika ile pua ndefu kwa mikono miwili, na anaipulizia.