Lori Lililokataa Mzigo

Thuwaini bin Nabhan aliwagawa watu wa Tabora mafungu mawili: wasiojua magari, na wasiojua kwamba hawajui. Fungu la tatu, la wanaojua, alikaa yeye peke yake, na wala hakuona upweke, maana baraza ya gereji yake pale Kanyenye haikukosa watu tangu chai ya asubuhi mpaka adhana ya magharibi. Mkewe, Bimdogo, aliwaletea vitumbua, nao wakaleta habari za mji: nani kaachwa, nani kahamishiwa kijijini na kitanda chake kichwani, nani kapewa sukari kwa mlango wa nyuma. Thuwaini alisikiliza yote akiwa amelala chini ya gari la mtu, na mara kwa mara sauti yake ilitoka huko chini kumwambia msemaji kwamba ni mwongo.

Asubuhi moja, mvua zikiwa zinanukia, liliingia uani lori la ushirika wa kijiji cha ujamaa kilichokuwa njia ya Sikonge. Lilikuwa lori la dizeli, lenye tabo, ule mtambo kama konokono wa chuma unaoshindilia hewa ndani ya injini ili ipate nguvu za kupanda na mzigo. Liliingia likinguruma vizuri, likazimwa vizuri. Wakashuka watu watatu, na Thuwaini alipowatazama akachoka nao kabla hawajafungua vinywa.

Wa kwanza alikuwa Tobias, mwenyekiti wa ushirika, shati la mifuko minne na kalamu katika kila mfuko. Wa pili Eustace, fundi wa ushirika, ambaye mpaka mwaka uliopita alikuwa akiziba pancha za baiskeli na hakuna aliyemlalamikia. Wa tatu Raymundi, dereva, mtoto wa mfuga nyuki wa huko huko Sikonge. Huyu hakusogea. Alisimama kando ya gurudumu kama mtu aliyeambiwa asitoroke.

"Shikamoo, Mwarabu," alisema Raymundi.

"Marahaba, mpagazi. Mbona umenywea? Umefiwa?"

Utani wao ulikuwa wa tangu enzi za misafara. Babu yake Thuwaini alikuwa na misafara, babu yake Raymundi alibeba mizigo ya misafara hiyo mpaka pwani, na wajukuu waliendelea kutukanana kwa raha zao.

Tobias hakuwa na nafasi ya utani. "Ndugu Thuwaini," alisema, "lori hili likiwa tupu ni zima. Likipakiwa tumbaku, likifika kwenye mwinuko, linamisi. Moto unaruka, bodi linatikisika, kisha linakufa. Likipumzika linawaka tena. Tumbaku yote ya kijiji iko ghalani na mvua ndiyo hiyo. Kamati imekaa, imeona sababu."

"Ipi?"

"Hujuma." Akamtazama Raymundi. "Gari halimisi likiwa tupu, linamisi likibeba jasho la wananchi. Hiyo ni kazi ya mtu. Nimekuja kwako ili isisemwe hatukuuliza. Usipopata sababu nyingine leo, nikitoka hapa namkabidhi polisi."

Barazani vikombe vikawekwa chini. Hata vitumbua vilisubiri. Kila mtu pale alijua neno lile lilifanya nini miaka ile. Mtu akishaitwa mhujumu, hata jirani wa kumwazima chumvi mkewe anapotea.

Thuwaini alimtazama Raymundi kuanzia viatu mpaka kofia. Alimfahamu vizuri. Ndiye aliyewahi kusukuma gari kutoka Usinge jua zima akidhani limeharibika, kumbe limeisha mafuta. Mtu kama huyo ahujumu? Kuhujumu kunataka akili, Thuwaini alijiambia. Kunataka mtu akae apange, afiche, akumbuke alichokificha. Huyu hata funguo zake hakumbuki.

"Na fundi wenu anasemaje?" aliuliza.

Eustace alikuwa akiisubiri nafasi hiyo. "Tabo imekufa, mzee. Kila tabo inaposhika, injini inaruka. Mimi nasema tuing'oe ipelekwe Dar."

"Ukishaing'oa lori litapandaje na mzigo? Utasukuma wewe?"

"Litakwenda polepole."

"Polepole hata punda wangu anakwenda, na hali dizeli. Haya, niambie, likimisi linatoa moshi gani?"

Eustace alimtazama Tobias. Tobias alitazama kalamu zake. Hakuna aliyewahi kugeuka nyuma kuangalia moshi.

"Si moshi wa maana," Raymundi alisema taratibu. "Mweupe kidogo. Ila tabo yenyewe unaisikia inapiga mluzi mpaka mwisho."

"Ah. Mshtakiwa ana macho na masikio, majaji hawana." Thuwaini alifuta mikono. "Sikiliza wewe daktari wa baiskeli. Tabo ikifa, hewa inapungua, dizeli inabaki haijaungua, unaona moshi mweusi kama wa tanuri ya matofali. Hapa moshi mweusi hakuna. Maana yake hewa ipo tele, chakula ndicho hakifiki. Na umelipima wapi?"

"Uani kwetu. Nimelipiga resi kutwa, halikuruka hata mara moja."

"Likiwa tupu."

"Ndiyo, tupu."

Thuwaini akageukia baraza yake ili wote wasikie. "Analipima tupu gari linaloumwa na mzigo. Babu yangu, Mungu amrehemu, akitaka kujua mpagazi yupi mgonjwa na yupi mzima, hakuwatazama wakiwa wamekaa wanavuta tumbaku. Aliwatwisha, akawapandisha kilima."

"Na aliyetwishwa alikuwa babu yangu," Raymundi alisema.

"Ndiyo. Na hakumisi."

Watu wakacheka, na Raymundi mwenyewe akacheka kidogo, kwa mara ya kwanza asubuhi ile.

Mzigo ulipatikana papo hapo. Matofali ya jirani aliyekuwa akijenga yalipakiwa bila mwenyewe kuulizwa vizuri, na juu ya matofali Thuwaini aliwapandisha watu wote wa barazani. "Mnakula vitumbua vya mke wangu bure mwaka mzima," aliwaambia. "Leo mtafanya kazi ya uzito, ndiyo kazi pekee mnayoiweza." Wakapanda kwa vicheko kama wanakwenda harusini. Raymundi akashika usukani, Thuwaini akakaa pembeni yake, Tobias na Eustace wakapanda nyuma na wengine, wakatoka mjini kuifuata barabara ya Sikonge.

Tambarare lori lilikwenda bila neno. Walipoanza kupanda, Raymundi akakanyaga mafuta, konokono akaanza mluzi wake mwembamba, mluzi ukapanda, na ulipofika juu kabisa injini ikaruka. Ikaruka tena. Kisha ikaanza kukohoa mfululizo, kioo kikatetemeka, na huko nyuma watu walisikika wakimtaja Mungu kwa lugha zao zote. Kabla ya nusu ya mwinuko lori likafa.

"Uzuri," Thuwaini alisema.

"Uzuri gani?" Raymundi alikuwa akitokwa na jasho. "Mimi nina mke wangu Katarina na watoto, Mwarabu. Huyu bwana hatanii."

"Nimesema uzuri kwa sababu limeumwa mbele yangu. Nyamaza."

Alichukua dumu la dizeli safi, akafungua paipu ya mafuta pale inapoingia kwenye pampu ya injini, akaweka mpira mrefu mahali pake, na mwisho wa pili wa mpira akautumbukiza ndani ya dumu. Sasa injini ingekula kutoka kwenye dumu, si kwenye tanki. Dumu lilitaka mtu wa kulishika juu, nyuma ya kibanda cha dereva, lisimwagike. Eustace akanyoosha mkono.

"Wewe kaa," Thuwaini alimwambia. "Atashika mwenyekiti. Nisije nikaambiwa dumu nalo limehujumiwa."

Hivyo Tobias, na kalamu zake zote, akapandishwa juu ya matofali akakumbatia dumu la dizeli kama mama na mtoto mchanga. Thuwaini alimtazama kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

Waliutoa upepo ndani ya mafuta, wakarudi chini, wakaanza upya. Raymundi akakanyaga. Mluzi ukapanda, ukafika juu, na injini ikavuta. Haikuruka, haikukohoa. Lori likaumeza mwinuko wote na matofali yake na umbea wote wa Kanyenye, likasimama kileleni likipumua.

"Pampu nzima, nozeli nzima, tabo nzima," Thuwaini alisema aliposhuka. "Ugonjwa uko kati ya tanki na pampu. Kuna mahali paipu inavuta hewa. Injini ikiwa imekaa inahitaji mafuta kidogo, hewa hiyo haidhuru kitu. Tabo ikishika inahitaji mafuta mengi, pampu inavuta kwa nguvu, na badala ya dizeli inapata upepo. Basi moto unaruka."

"Paipu tuliikagua," Eustace alisema. "Haivuji hata tone."

"Hapo inapovuta itavujaje? Ukifyonza uji kwa mrija uliotoboka, uji unamwagika? Unafyonza upepo."

Akajilaza chini ya lori, Raymundi akamfuata na tochi. Hawakukawia. Pale paipu ilipoungana na tanki, nati ilikuwa imefungwa kwa kamba ya gome la mti, na juu ya kamba kumepakwa kitu cha rangi ya kahawia. Thuwaini alikikwaruza kwa ukucha, akakinusa. Kilinuka dizeli, na nyuma ya dizeli kilinuka asali.

"Hii ni nini?"

"Nta," Raymundi alisema, bila wasiwasi wowote. "Palikuwa panachuruzika, nikapaziba. Baba aliziba mizinga yote hivyo, haikuvuja hata..." Hapo sauti ikamfia. Thuwaini aliona uso wa mtu ukielewa jambo polepole, kama taa ya kandili inayopandishwa utambi.

"Dizeli inakula nta, Raymundi."

"Sikujua. Wallahi sikujua."

"Mkatoliki mzima unaapa wallahi. Tangu lini umepaziba?"

"Kabla halijaanza kumisi." Akamshika Thuwaini mkono. "Usiseme. Sema paipu imechoka. Akisikia ni mkono wangu, nimekwisha."

Thuwaini angeweza kusema paipu imechoka. Uongo mdogo kuliko huo aliusema kila siku kwa wenye magari. Lakini viatu vya Tobias vilikuwa vimekwisha simama kando ya gurudumu, na kichwa cha Tobias kikainama kikachungulia.

"Kitu gani hicho mkononi?" aliuliza Tobias. "Nani kakiweka?"

Raymundi akafumba macho.

Thuwaini akatambaa akatoka, akasimama, akainua kipande cha nta juu ili watu wote juu ya lori wakione. Akapaza sauti ileile ya kutolea habari barazani.

"Mwenyekiti, mhujumu wako huyu hapa. Umemtafuta mtu hatari, na mimi nakuletea mpumbavu. Dereva wa serikali ya wakulima na wafanyakazi ameliziba tanki la dizeli kwa nta ya nyuki. Amelifunga kwa gome la mti. Alidhani ni mzinga. Kesho asingelikagua injini, angeliingiza mkono kutafuta asali."

Kicheko kilianza kwa mmoja, kikapita juu ya matofali kama moto wa nyasi.

"Adui wa taifa anatumia baruti," Thuwaini aliendelea, sasa hawezi kujizuia. "Huyu katumia nta, na hakuficha, ningemuuliza angenionyesha kwa majivuno. Mpeleke polisi, mwenyekiti. Uandike kwamba ubepari wa dunia nzima umekaa ukatafuta mtu wa kuangusha ujamaa Tabora, ukampata Raymundi. Uone kama ofisa ataweza kusoma mpaka mwisho."

Tobias alijaribu kukaza uso. Shati lake lilikuwa limelowa dizeli kifuani. Akashindwa, akacheka mpaka kalamu moja ikaanguka. "Basi," alisema akifuta machozi. "Basi, jamani. Hii si hujuma, huu ni ujinga. Ataendelea kuendesha. Ila asiguse spana."

Thuwaini aliibadilisha nati na kuifunga sawasawa palepale barabarani. Walipokuwa wakikusanya vifaa, Raymundi alikuja karibu. Hakuwa akicheka.

"Umepona," Thuwaini alimwambia. "Hutasema ahsante?"

"Ahsante." Alilitamka vizuri, kama mtoto anayesomeshwa. "Ungemvuta pembeni, ukamwambia sikujua madhara ya nta. Maneno hayo tu. Angeelewa."

"Asingeelewa. Yule anaelewa akicheka. Nimekuokoa na jela."

"Umeniokoa, sikatai. Lakini mhujumu angalau watu wanamwogopa." Akapanda kwenye usukani, akawarudisha wote Kanyenye, huku walio nyuma wamekwisha mtungia jina.

Wiki ile baraza ilijaa kuliko siku zote. Watu walitoka mitaa mingine kuja kusikia, na Thuwaini akasimulia, kila mara nta ikizidi ukubwa. Tumbaku ya kijiji ilitoka yote kabla ya mvua. Lori lilipita na mzigo wake, likipanda bila kuruka, na watoto wa mtaani wakalikimbilia wakiita, "Bwana Nta, tupe asali." Raymundi alitazama barabara.

Ulipofika wakati wa kubadilisha oili, Thuwaini alilisubiri lori. Halikuja. Bimdogo ndiye aliyeleta habari kutoka sokoni: Raymundi amemwomba mwenyekiti, na mwenyekiti amekubali, lori lihudumiwe na Eustace.

"Na Eustace?" Thuwaini aliweka kikombe chini. "Aliyetaka kung'oa tabo? Yule hajui hata filta inaingia upande gani."

"Anajua hajui," Bimdogo alisema. "Raymundi kasema atavumilia fundi asiyejua, mradi anafunga mdomo."

Watu wa barazani waligeuka kumsikiliza Thuwaini, wakijua jibu kali linakuja. Lilikuja kweli, alimwita Eustace majina yote na Raymundi yaliyobaki, wakacheka. Kisha lori likasikika mbali, likitoka mjini na mzigo. Thuwaini akainua mkono wanyamaze, akatega sikio kwenye mluzi uliokuwa unapanda, akingojea injini iruke.

Haikuruka.

"Bado," alisema, akaagiza chai nyingine.