Nywele Mpya za Shangazi

Shangazi alinifundisha kuosha nywele nikiwa na miaka kumi na sita, mkaidi, najua kila kitu. Saluni yake ilikuwa chumba kimoja chenye sinki mbili, moja ikivuja, na rafu ya kondishena alizozihamishia kwenye makopo yasiyo na lebo. Lebo, alisema, zinamfanya msusi awe mvivu. Mteja akikaa, Shangazi alilowesha vidole viwili, akashika nywele za nyuma ya sikio, akazipapasa. Ndipo mkono ulipokwenda kwenye rafu. Kipilipili kikavu kilipata ile nzito, tangu shina hadi ncha. Nywele za singa zilipata nyepesi, kwenye ncha tu. Zilizochoshwa na dawa zilipata ile nyeupe, dakika ishirini, bila ubishi.

"Hata mteja wa juzi mshike upya," aliniambia. "Kichwa hubadilika."

Niliitikia tu, huku nikiwaza chakula.

Zake mwenyewe zilikuwa kipilipili nene, chanuo linasimama peke yake. Kila Jumatatu, siku ya kufunga, nilimwosha mimi. Zilikunywa karibu kopo zima, naye kichwa kimelala sinkini, ananisimulia wachumba aliowakataa. Nazikumbuka Jumatatu zile kuliko sikukuu yoyote ya utoto wangu.

Halafu akaugua. Dawa za hospitali zikazing'oa zote. Miaka miwili niliendesha saluni peke yangu, na yeye hakutoka nyumbani ila kwenda kliniki, kajifunga kitambaa hadi kwenye nyusi. Madaktari walishasema amepona. Nilimbembeleza arudi kazini mpaka nikachoka.

"Nimtengeneze mtu kichwa, na changu kiko hivi?" alinijibu kila mara.

Mwezi uliopita, Jumatatu, akaja bila kuniambia.

"Zimeota. Nioshe. Zikikaa vizuri, narudi. Zisipokaa, usinisumbue tena."

Nilipiga shampuu harakaharaka, mkono ukaenda wenyewe kwenye kopo la nzito. Nilichota kwa kiganja, nikampaka tangu shina, nikamfunika mfuko wa plastiki na taulo la moto, nusu saa nzima. Nilifurahi mno. Hata nikamuuliza habari za yule mchumba dereva, akanisimulia upya, kwa uongo zaidi.

Nilipomsuuza na kumkausha, akajitazama kiooni. Nywele zilikuwa zimelala na kunata kichwani, zinang'aa mafuta, ngozi ya kichwa inaonekana kila mahali. Akanyoosha mkono kutaka kitambaa chake.

"Shangazi, subiri."

"Umemwosha nani?"

"Si wewe?"

"Mimi hata hukunigusa. Umemwosha yule wa zamani."

Nilitamani ardhi inimeze. Miaka kumi na minane ya kazi, nafanya kosa la mwanafunzi wa siku ya kwanza! Nikamwambia ukweli.

"Namkumbuka sana yule."

"Hata mimi," akasema, machozi yakamtoka. Tukalia wote, yeye kwenye kiti, mimi nimekumbatia taulo.

Kisha nikamwomba arudi sinkini. Safari hii nililowesha vidole. Zilikuwa laini, nyembamba, zenye mawimbi mapana ambayo hayajawahi kuonekana katika ukoo wetu. Sikuzijua kabisa. Niliziosha mara mbili kuondoa mafuta, nikapaka nyepesi kidogo tu, kwenye ncha, dakika mbili, nikasuuza kwa maji ya baridi. Hatukuongea habari za wachumba. Zilipokauka zilinyanyuka zenyewe, fupi, za mvi. Akajigeuzageuza kiooni muda mrefu, wala hakutabasamu.

"Haya," akasema, akaondoka.

Sikujua maana ya hiyo "haya" mpaka kesho yake, nilipomkuta ameshafungua saluni na kudeki, kichwa wazi. Mteja wa kwanza alikuwa mwalimu mmoja aliyeoshwa na Shangazi tangu ujana wake. Alimpita Shangazi mlangoni, akamsalimia kama mgeni, akanijia mimi.

"Yule mama wa zamani anaendeleaje? Atarudi lini?"

Shangazi akafunga aproni yake, akavuta kiti.

"Yule harudi, mwalimu," akamwambia. "Karibu ukae, nitakuosha mimi."