Viza Mbili za Wakesho

Ndoto hii haikungoja usiku. Wakesho aliiota jana mchana, Jumapili, baada ya kanisa na baada ya sahani ya ugali na kunde, akiwa amejilaza kwenye kochi la shangazi yake pale Voi. Blauzi ya kuendea ubalozini ilikuwa imeshapigwa pasi na kutundikwa mlangoni. Mahojiano yalikuwa kesho yake.

Wakesho ni fundi wa kuchomelea vyuma. Ukipita mitaa ya Voi, mageti mengi unayoyaona ni ya mkono wake, na kuna minara ya redio huko vilimani aliyoisimamisha yeye huku wanaume wakimshikia ngazi. Mume wake, Mwadime, alitangulia kwenda ng'ambo, nchi ya theluji. Alipopata kazi na mahali pa kukaa, akamwombea mkewe viza ya kumfuata. Ombi likapokelewa, likakaa. Kila walipouliza walijibiwa neno lilelile: linashughulikiwa.

Katikati ya kungoja huko, kampuni moja ya kule, inayokarabati madaraja, ikatafuta mafundi wa msimu. Wakesho akateremka Mombasa kufanya majaribio yao, akafaulu, akapewa mkataba. Akaomba viza ya kazi ya muda.

Hapo ndipo mambo yalipokunjana. Anayeomba viza ya muda lazima athibitishe kwamba atarudi kwao. Anayeomba viza ya mke anathibitisha kwamba anakwenda kukaa. Na aliyeomba zote mbili alikuwa mtu mmoja, mwenye jina moja na uso mmoja.

"Lifute lile ombi la mke," shangazi Mkamburi alimwambia wakati wa kuosha vyombo. Yeye ndiye aliyemlea. "Enda kama fundi. Mumeo utamkuta hukohuko."

"Nikilifuta, shangazi, ni kama nimesema sina mume."

"Basi achana na kazi, ungoje kama wake wengine. Shika moja, mwanangu. Njia mbili zilimshinda fisi."

"Wacha nijilaze kidogo."

Akajilaza. Na usingizi ulipomchukua, ikawa hivi.

Yuko kwenye foleni. Ubalozi umehamia kwenye mnada wa mbuzi, na hakuna anayeona ajabu. Watu wanapita mmoja mmoja kwenye zizi, wanapimwa uzito, wanaulizwa madhumuni ya safari. Mbuzi wameketi upande wa pili, kwenye viti, wakisoma magazeti.

Mbele ya Wakesho amesimama fisi. Amevaa suti ya kijivu iliyomkaa vizuri, ila anatembea akitanua miguu, na kiunoni amefungwa bandeji nene.

"Pole," Wakesho anamwambia. "Umeumia wapi?"

"Msamba," fisi anajibu. "Mimi ndiye yule."

"Yule wa njia mbili?"

"Ndiye. Mpaka leo naja kliniki." Anamtazama Wakesho juu mpaka chini. "Na wewe je, dada? Umeomba ngapi?"

"Mbili."

Fisi anavuta pumzi kwa meno, kama mtu aliyeona jeraha la mwenzake. "Chagua moja. Nakwambia kama ndugu. Mguu huu unakwenda huku, mguu ule kule, halafu unasikia *pwaa*."

"Wewe ulikuwa unafuata nini?"

"Harufu ya nyama. Kulikuwa na sherehe mbili."

"Basi hatulingani," Wakesho anasema. "Mimi nafuata neno langu, na neno langu ni moja."

Fisi alifikiri jambo hilo. Akasema hajawahi kulisikia kutoka kwa mtu wa foleni, akampisha atangulie.

Afisa alikuwa mhuri. Alikuwa mhuri wa mpira, wa kimo cha mtu mzima, amevaa tai, ameketi nyuma ya kioo. Wakesho alimwamkia, naye akaitikia kwa heshima, lakini kichwa chake hakikusogea hata kidogo. Tatizo lake lilijulikana: akitikisa kichwa kukubali jambo, kichwa hugonga meza, na kila kilichopo mezani huwa kimeidhinishwa. Kwa hiyo aliishi kwa shingo ngumu.

Mezani palikuwa na mafaili mawili. Moja lilikuwa limezeeka kwa kungoja. Lilikuwa na shali mabegani na lilikuwa likifuma sweta. La pili lilikuwa jembamba, jipya, linatafuna ubani.

"Mimi ni Mke," faili la kwanza likasema bila kuinua macho.

"Mimi ni Kazi," likasema la pili. "Na mimi sikai meza moja na mtu."

"Nilikuwa hapa kabla hujazaliwa."

"Ndiyo maana unanuka vumbi."

"Nyamazeni," akasema Mhuri. Kisha, kwa Wakesho: "Bibi, kanuni inataka uonyeshe vitu vinavyokufunga nyumbani."

Wakesho akajitazama kiunoni. Kweli alikuwa amefungwa. Kamba za katani, nene, za kusokotwa, zilitoka kiunoni mwake zikapita dirishani, zikashuka mpaka Voi. Alizijua zote. Moja ilikwenda karakanani kwake, imefungwa kwenye mguu wa meza ya kazi. Moja ilipanda mpaka kwenye mnara wa redio. Moja ilizunguka mlima wa Kasigau mara kadhaa, na mlima ulikuwa umeivumilia. Moja ilikuwa mkononi mwa shangazi Mkamburi, ambaye aliivuta wakati huohuo.

"Wakesho!" sauti ikapanda na kamba. "Ushakula?"

"Nimekula, shangazi! Niko kwa afisa!"

"Mpe salamu!"

"Nimezipokea," akasema Mhuri. Akatoka nyuma ya kioo, akazivuta kamba moja moja, akajining'iniza kwenye ile ya Kasigau, akabembea. Hakuna iliyokatika. Akarudi kitini, ameridhika. Ndipo akaona nyingine. Ilikuwa nyembamba, imefungwa kwenye pete ya Wakesho, na ilikwenda upande mwingine kabisa, kupitia ukuta wa nyuma, kuelekea kwenye baridi.

"Na hii?"

"Hiyo ni ya mume wangu."

Mbuzi wakateremsha magazeti.

Mhuri akafungua droo, akatoa mkasi, akausukuma chini ya kioo. "Kata. Kisha nitakupa viza ya kazi."

"Niko tayari," mkasi ukasema. Ulikuwa mkasi mchangamfu.

"Sikati," Wakesho akasema.

"Basi kata hizo za nyumbani, uingoje ya mke."

"Hizo pia sikati."

"Bibi, kanuni inataka kamba zote zivute upande mmoja."

Wakesho akacheka. Hakukusudia kucheka, lakini hapo alikuwa ameulizwa kitu cha kazi yake. "Mheshimiwa, umewahi kusimamisha mnara?"

"Sijawahi."

"Mnara ukivutwa upande mmoja, unaanguka. Husimama kwa sababu kila upande una waya unaovuta. Ukitaka kuniangusha, nikatie upande mmoja. Ukitaka nisimame mbele yako wima kama nilivyo, ziache."

Shingo ya Mhuri ilianza kuinama. Akaiwahi kwa mikono miwili, akaishikilia.

"Hayo ni maneno," akasema akihema. "Maneno hunijia hapa kila siku. Nenda, fanya kazi, kisha urudi. Hapo ndipo nitajua." Akainua kioo kama mtu anayeinua pazia.

"Nitarudi," Wakesho akasema.

Wakesho anavuka. Anatua na malapa yake kwenye theluji, na mashine ya kuchomelea iko mkononi, nyepesi kama kapu tupu. Fisi amemfuata, na mafaili mawili yanakuja nyuma yakilalamikia baridi.

Yuko mbele ya nyumba ya mbao yenye ngazi za chuma. Kishikio cha ngazi kimevunjika na kinayumba. Mtu amekifunga kwa kamba ya kiatu, fundo juu ya fundo juu ya fundo, na Wakesho hahitaji kuuliza ni nani. Hakuna mtu mwingine duniani anayefunga hivyo. Mwadime alifunga hivyo hata mizigo ya arusi yao, na ilibidi ifunguliwe kwa kisu.

"Angeteleza hapa," Wakesho anasema. "Angevunjika kiuno peke yake, ugenini."

Mashine ilihitaji umeme, na hapakuwa na mahali pa kuuchukua. Fisi akajitolea kucheka. Kila alipocheka, mashine ikanguruma na cheche zikaruka. Alicheka kwa bidii, mkono mmoja kwenye bandeji, akisema kati ya kicheko na kicheko kwamba inauma lakini anafurahi kuwa wa msaada.

Wakesho akachomelea. Mshono wake ni kama mwandiko. Mafundi wa Voi huutambua hata barabarani, magamba madogo yaliyopangana kama ya samaki, na mwishoni anairudisha rodi ya kuchomelea nyuma kidogo, inaacha kidoa kilichojikunja. Alikiacha kidoa chake. Akakitikisa kishikio. Kikakaa imara.

Akainua macho. Dirisha lilikuwa usawa wake, na ndani Mwadime alikuwa amelala. Amekonda kidogo. Amelala upande mmoja tu wa kitanda kipana, na upande wa pili ameuacha wazi, umetandikwa, una mto wake.

Wakesho alisimama pale. Baridi ilikuwa inampanda kwenye vifundo vya miguu, wala hakuisikia. Mkono wake ulikuwa umeshainuka wenyewe, umekunja ngumi, uko karibu na mlango.

"Gonga," faili la Mke likasema. Lilikuwa limeketi kwenye ngazi, na sweta lilikuwa limefika magotini mwake. "Gonga, mwanangu. Mimi nimechoka."

"Kazi imekwisha," likasema faili jipya, kwa upole safari hii. "Mimi sina la kusema hapo."

Wakesho akazitazama kamba za kiunoni, labda kuna moja inamvuta. Zilikuwa zimelegea zote. Hata shangazi alikuwa ameachia yake. Hakuna aliyemvuta, mbele wala nyuma.

Akaushusha mkono.

"Sikiliza, mama," akaliambia faili la Mke. "Siku nitakayokuja kwa jina lako nitakuja mchana. Nitakuwa na sanduku, nitapiga hodi, na majirani wataniona. Leo nimekuja kama fundi, na fundi akimaliza hurudi. Siingii kwa mume wangu kama mwizi wa kuku."

Faili likauma uzi kwa meno, likaanza mkono wa sweta.

Akarudi. Machozi yalimtoka njiani, na hakuyaficha, lakini alitembea kama anavyotembea akishuka mnarani, mgongo umenyooka, watu wote wa chini wakimtazama.

Mhuri alikuwa amesimama akimngoja. "Umerudi," akasema, kama mtu asiyeamini.

"Nilisema nitarudi."

"Mumeo alikuwa nyuma ya mlango."

"Najua. Nimemwona."

"Nani angejua kama ungebaki?"

"Mimi," Wakesho akasema. "Na yeye. Alinioa kwa sababu nikisema jambo linakuwa. Ningebaki, angeamka amelala na mwanamke mwingine."

Safari hii Mhuri hakuishika shingo yake. Iliinama polepole, kwa heshima, juu ya faili moja, ikainuka, ikainama juu ya la pili.

*Du!* Kisha tena, *du!*

Mbuzi wakasimama wote.

Wakesho akafumbua macho. Shangazi Mkamburi alikuwa mlangoni na vikombe viwili vya chai, ameufunga mlango kwa kisigino.

"Umelala kama gogo," shangazi akasema. "Umeamua?"

"Nimeamua." Aliketi. Hakuwa na haraka. "Silifuti ombi la mke, wala kazi siiachi. Kesho nitawaambia yote mawili kabla hawajaniuliza. Mume ninaye, yuko kule, na viza ya kumfuata naingoja. Kazi ninayo, ina mwisho, na ikiisha narudi hapa."

"Na wakikunyima?"

"Watakuwa wamemnyima Wakesho mwenyewe, shangazi. Sitaki wampe mtu mwingine."

Shangazi akampa chai. Alimtazama vile wazee wanavyomtazama mtoto aliyewapita kimo bila wao kujua siku yenyewe. "Babako angekuwa hai," akasema, na hakumaliza. Akaketi karibu naye.

Simu ikalia. Ilikuwa picha kutoka kwa Mwadime, na maneno chini yake. Huko ndiyo kwanza kumepambazuka.

"Kuna mtu amekitengeneza kishikio cha ngazi nikiwa nimelala," aliandika. "Mwenye nyumba anaapa si yeye. Kazi safi mno. Sikukwambia kilivunjika, sikutaka uwe na wasiwasi. Nani anaamka alfajiri na baridi hii kumtengenezea mtu ngazi?"

Wakesho akaikuza picha kwa vidole viwili. Theluji ilikuwa imeyeyuka kuzunguka mguu wa chuma. Magamba madogo yalipangana, moja juu ya jingine, mpaka mwisho wa mshono, na mwishoni palikuwa na kidoa kilichojikunja nyuma.

Akanywa chai kidogo. Kisha akaandika: "Mwambie mwenye nyumba asikipake rangi leo. Bado kina moto."